Mtungi Upo

Kwa miaka tisa nilifuta mshale ule kila asubuhi bila kujua ulikuwa unasema nini.

Ulikuwa ndani ya kioo kidogo cha duara, juu ya mtungi wa oksijeni, nyuma ya kiti cha mhudumu kwenye gari la wagonjwa namba mbili. Kazi yangu ilikuwa kuosha magari. Kampuni ilikuwa na magari matatu, ua wa saruji, bomba moja, na mimi. Nilianza na sakafu, kwa sababu damu ikishakauka kwenye mifereji ya mpira haitoki mpaka uifuate kwa kijiti. Halafu machela, halafu kuta, na mwisho kabisa kile kioo. Nilikifuta kwa kitambaa kikavu kwa kuwa ndicho kitu pekee mle ndani kilichokubali kung'aa. Mshale ulikuwa siku zote kwenye rangi ya kijani. Niliuona kama salamu njema.

Dereva ndiye aliyeniita Mama Ndoo, na jina likashika. Hata meneja alilitumia kwenye barua.

Siku moja nilikuta kiatu cha mtoto chini ya machela. Cha kushoto, kidogo, kamba zake bado zimefungwa. Niliuliza mhudumu, niliuliza dereva: mwenye kiatu alipona? Hakuna aliyekumbuka. Nilikiweka juu ya dirisha la stoo, kikakaa wiki tatu, hakuna aliyekuja. Nikajiona mtu ambaye kila siku anaokota mwisho wa habari za watu na kuzimwaga kwenye mtaro. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Mwezi uliofuata nilijiandikisha masomo ya jioni ya uhudumu wa dharura.

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya vyumba viwili na dada yake. Nyumba haikuwa na maneno.

"Wifi," aliniambia siku nilipoleta daftari, "mvi na kalamu vimekutana wapi? Mpaka umalize, hilo gari litakuja kukubeba wewe."

"Likija nitajua wanipandishe vipi."

"Utawafundisha ukiwa juu ya machela! Ndiyo, nakujua."

Kabla ya kulala nilipiga magoti kando ya kitanda. Sala yangu ilianza kwa maneno yale yale tangu nilipokuwa msichana: "Mungu wangu, najua upo." Nilisema hivyo kwanza, kama mtu anayebisha hodi, ndipo nikaomba. Ukuta wetu ni mwembamba. Wifi alizoea kuitikia kutoka upande wa pili: "Hata yeye anajua yupo. Mwombe unachotaka tulale."

Tulisomea kwenye darasa la watoto wa shule ya msingi. Magoti yetu hayakuingia chini ya madawati, kwa hiyo tulikaa ubavu, kama watu wanaongoja kinyozi. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alikuja na mwanasesere wa mazoezi asiye na miguu. Tulimwita Bwana Kimya. Tulimsukuma kifua, mara thelathini, pumzi mbili, mara thelathini, pumzi mbili, mpaka jasho likamdondokea usoni.

Mimi nilikuwa na kosa moja. Nilipoanza kusukuma, macho yalijifumba yenyewe na midomo ikaanza kusali.

"Mama Ndoo! Fumbua macho!" Mwalimu alinipigia meza. "Huyu umeletewa umsukume, hukuletewa umwombee. Kuombea ni kazi ya watakaokuja baada yako."

Darasa lilicheka. Aliyecheka kwa sauti zaidi alikuwa Fundi Saa, mwenzangu wa dawati, mwanamume wa miaka hamsini kasoro. Kibanda chake cha kutengeneza saa kilikufa. "Simu zimenila," alisema. "Siku hizi mtu anavaa saa kama anavyovaa pete." Lakini vidole vyake vilibaki na kipaji. Alikamata kifundo cha mkono wa mtu, akaangalia dari, akasema, "Themanini na mbili." Mwalimu alihesabu dakika nzima kwa saa yake, akapata themanini na mbili. Mimi nilimsaidia Fundi majina ya viungo, yeye alinisaidia mapigo. Tulikuwa tunarudi pamoja hadi njia panda, tukiulizana maswali kama watoto.

Jioni ya somo la oksijeni, Mwalimu aliweka mtungi juu ya meza, akaonyesha kidole ndani ya kioo chake.

"Huu ni nini?"

"Mshale," tulisema.

"Mshale ukiwa kwenye kijani, mtungi umejaa?"

"Ndiyo!"

"Wajinga wa pamoja. Mshale ni mdomo, na mdomo husema chochote. Fungua koki kidogo, weka sikio, usikie mtungi unavuta pumzi. Mtungi usiopumua ni chuma tu, kauzuilie mlango usifungwe na upepo." Alifungua. Ukasikika mlio mwembamba, ssss. "Na mgonjwa akitumia, mshale lazima ushuke. Mshale usioshuka umekufa, kama saa ya ukutani ya Fundi hapa."

"Aa, Mwalimu, saa zangu zilikufa kwa heshima," Fundi alisema.

Watu walicheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Miaka tisa, magari matatu, wagonjwa wangapi? Na mshale wa gari namba mbili nilikuwa sijauona ukishuka hata unywele.

Asubuhi iliyofuata nilipanda na ndoo, nikafungua koki, nikaweka sikio. Kimya. Nilimwita dereva.

"Mama Ndoo, umeanza kusoma, umeanza na matatizo," alisema. "Huo mshale uligandishwa kwa gundi kabla ya ukaguzi mmoja wa zamani. Kujaza mitungi ni gharama, bosi anajaza wa namba moja tu. Hilo ndilo gari la matajiri."

"Na mgonjwa wa namba mbili?"

"Tunakimbia. Mimi si nakimbia?" Akapiga usukani kofi kama anayemsifu ng'ombe. "Oksijeni yangu ni mguu wa kulia."

Nilitaka kwenda kwa meneja. Nilifika mlangoni na kitambaa mkononi. Nikafikiria: mwosha magari anamfundisha meneja? Ngoja nipate cheti, nikiwa na cheti nitasikilizwa. Usiku nilisali juu ya jambo lile, nikamwachia Mungu. Ni rahisi sana kumwachia Mungu kazi ya mdomo wako.

Baada ya miaka miwili nilipata cheti. Nilikuwa wa kwanza darasani, Fundi wa pili. Wifi alikishika cheti kwa ncha za vidole, akakitazama juu chini.

"Jina lako refu hivi? Nilikuwa sijui."

Akaenda kununua fremu kwa pesa yake mwenyewe, akakitundika ukutani kwake.

Halafu ikaja kazi ya kutafuta kazi. Hospitali ya kwanza walitaka uzoefu wa miaka mitatu. Niliuliza uzoefu huo unapatikana wapi, karani akasema, "Kazini." Ya pili walitaka mtu asiyezidi miaka thelathini na tano. Ya tatu walipokea bahasha yangu, wiki iliyofuata nikaiona imewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Zimamoto walinitazama kiunoni wakauliza kama ninaweza kubeba mtu ngazi nne. Nikasema nimebeba ndoo miaka kumi na moja. Wakacheka vizuri, wakanipa maji ya kunywa, wakanisindikiza hadi getini. Wakati huo wote nilikuwa bado naosha magari. Nilifunga na kusali siku saba. Nikasema, Mungu wangu, najua upo, nifungulie mlango mmoja tu.

Mlango uliofunguliwa ulikuwa wa kwetu. Mhudumu wa gari namba mbili aliacha kazi, meneja akabandika tangazo getini, nafasi moja. Tuliitwa wawili kwenye usaili: mimi na Fundi Saa.

Tuliketi kwenye benchi uani. Fundi alikuwa amevaa koti la harusi yake, mikono ya koti imekuwa mifupi.

"Akichukuliwa mmoja, mwingine asinune," alisema.

"Nani atanuna? Wewe ndiye mwenye uso wa kununa."

"Uso huu ni wa njaa, mama. Usiusingizie."

Niliitwa kwanza. Usaili ulikuwa ndani ya gari. Meneja alisimama nje ya mlango wa nyuma na fomu ya ukaguzi, ile ambayo mhudumu huijaza kila asubuhi kabla ya gari kutoka. Kila kifaa kina mstari wake, na kila mstari una visanduku viwili: kipo, hakipo. Yeye anasoma, mimi natafuta, nagusa, najibu. Nilikuwa najua kila droo ya gari lile kuliko nijuavyo kabati langu.

"Machela."

"Ipo."

"Bandeji."

"Zipo."

"Mfuko wa kupumulisha."

"Upo."

"Mtungi wa oksijeni."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulifungua koki, nikainamisha kichwa, nikaweka sikio. Nilikaa hivyo nadhani muda wa pumzi mbili. Mshale ulikuwa kwenye kijani.

"Mama Ndoo," meneja alisema, "sijakuuliza unasikia nini. Nimeuliza upo au haupo."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kalamu.

"Meneja, huu mtungi..."

"Utajazwa wiki ijayo. Nimeshaongea nao. Upo au haupo? Kuna mwenzako anangoja."

Kupitia mlango niliona viatu vya Fundi chini ya benchi, vimepakwa rangi, vinacheza-cheza. Niliona jina langu refu ukutani kwa wifi. Na mtungi ulikuwepo. Ulikuwa mbele yangu, mzito, wa chuma, umefungwa kwa mkanda. Nani angesema haupo?

"Upo," nilisema.

Akaweka alama. "Hongera."

Fundi hakununa. Alinipa mkono, akanikamata kifundo kidogo, akaangalia juu. "Mia moja na kumi," alisema. "Furaha ni ugonjwa."

Wifi alipiga pasi sare yangu mpaka mikunjo ikawa makali. Alinisindikiza hadi mlangoni, akawaambia majirani waliokuwa wanateka maji, "Mpisheni, huyu anaokoa watu." Kila asubuhi nilijaza fomu. Kila asubuhi, kwenye mstari wa mtungi, niliweka alama kwenye "upo", na chini nikatia sahihi. Wiki ile ikapita, na iliyofuata. Nilimkumbusha meneja mara mbili, akasema ameshaongea nao. Mara ya tatu sikumkumbusha, nilikuwa bado kwenye majaribio.

Simu iliingia saa sita mchana, siku ya kumi na tisa. Mzee anashindwa kupumua, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Magari mengine yalikuwa nje. Tulikwenda sisi.

Mzee alikuwa ameketi jikoni, kwenye stuli, mikono imeshika meza pande zote mbili kama mtu anayezuia meza isiondoke. Midomo ilikuwa ya zambarau. Mwanawe, mtu mzima wa rika langu, alikuwa anampepea kwa kifuniko cha sufuria. Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilimuuliza jina, akanipa nusu yake. Nilimkalisha wima kwenye machela. Ndani ya gari nilimvisha barakoa, na mwanawe akapumua kwa nguvu, yeye, kwa niaba ya baba yake, akasema, "Sasa atapata hewa."

Nikafungua koki.

Sijui nilitegemea nini. Pengine miujiza huanzia hapo, mtu anapofungua koki anayojua haitoi kitu. Nilifungua mpaka mwisho. Mzee alinitazama juu ya barakoa. Alikuwa amefanya kazi na mashine maisha yake yote, mwanawe aliniambia baadaye, kwenye kiwanda cha uchapishaji. Alijua mashine isiyotoa kitu. Akainua mkono, akaisogeza barakoa pembeni polepole, bila ugomvi, kama mtu anayerudisha sahani tupu.

Nilichukua mfuko wa kupumulisha, nikamsaidia kwa hewa ya mle ndani, ile ile iliyokuwa imemshinda jikoni. Dereva alipiga king'ora, lakini mbele kulikuwa na lori limekatika ekseli, na mguu wake wa kulia haukuwa na kazi. Niliupiga mtungi ngumi. Ndani ya kioo, gundi ikaachia, mshale ukaanguka hadi sifuri. Ndiyo mara ya kwanza kuuona ukishuka.

Tulifika hospitali namsukuma kifua. Macho yangu yalikuwa wazi wakati wote, Mwalimu angefurahi. Daktari alitazama saa ya ukutani, akaitaja saa ya kifo.

Mwanawe alinikuta kwenye veranda nimesimama na glovu mkononi. Nilifikiri atanipiga. Nilitamani.

"Dada yangu," alisema, "nimekuona. Ulipambana na baba kama wa kwako. Mungu akuzidishie." Akanishika mikono yote miwili, na glovu zake. "Naona wewe ni mtu wa sala. Kabla hawajampeleka kule, tuombee. Mimi sijui maneno."

Niliingia naye. Mzee alikuwa amefunikwa hadi kidevuni. Mwanawe akainama, akafumba macho, akangoja. Nikafumba na mimi. Nilitafuta maneno yangu ya kubishia hodi. Mungu wangu, najua... Na lile neno la mwisho, dogo, nililolisema tangu utoto, nililolitia alama mara kumi na tisa, lilikuja mpaka kwenye meno likasimama. Lilikuwa limeshatumika. Mwishowe yeye mwenyewe alisema "Amina", kwa adabu, kama mtu aliyesikia sala nzuri ya kimoyomoyo, akanishukuru tena.

Kesho yake nilijaza fomu. Kwenye mstari wa mtungi sikuweka alama popote. Niliandika kwa kalamu nyekundu: "Upo. Mtupu."

Meneja aliisoma amesimama. "Fomu ina visanduku viwili, Mama Ndoo. Wewe umejenga cha tatu."

"Jana mtu amekufa."

"Watu hufa. Ndiyo maana kuna kampuni." Akaichana, taratibu, mara mbili. "Majaribio yako yameisha leo. Sina ubaya na wewe. Ndoo yako ipo."

Nilikwenda kwenye ofisi ya wakaguzi wa serikali nikiwa bado na sare. Karani alinisikiliza vizuri, akaandika, akanyanyuka kutafuta faili. Alirudi nalo limefunguliwa.

"Mama, gari hili tuna fomu zake za mwezi huu. Kumi na tisa. Zote zinasema mtungi upo." Akaligeuza nione. "Na hii sahihi, si yako?"

Nyumbani wifi alikuwa ameshasikia. Alikuwa ameketi chini ya cheti.

"Si ungenyamaza tu?"

"Nilinyamaza, wifi. Ndiyo habari yenyewe."

Akainuka, akaichukua sare, akaenda kuifua, ingawa hakuna ambaye angeivaa.

Nilirudi kwenye ndoo baada ya wiki mbili, kwa sababu mahali pengine pote nilikuwa nimeshapeleka bahasha. Nilimkuta Fundi Saa ndani ya gari namba mbili. Amevaa sare mpya, na kwenye jicho la kulia amebana ile lenzi yake ya kibandani. Kioo cha mshale kilikuwa kimefunguliwa, kimewekwa juu ya machela, kwenye kitambaa. Mkononi alikuwa na bisibisi nyembamba kama sindano.

"Fundi."

Hakugeuka. "Usinitikise, mama. Mshale huu ni mwepesi kuliko wa saa ya mwanamke."

"Unajua ni mtupu."

"Najua. Nilifungua koki, nikasikiliza. Si tulifundishwa pamoja?" Akaunyanyua mshale kwa ncha ya bisibisi, kutoka sifuri, akaupandisha polepole mpaka kwenye kijani, akatia tone la gundi, akapuliza. "Ameniambia utajazwa wiki ijayo."

"Na mimi aliniambia."

"Nina watoto watano, Mama Ndoo." Akatoa lenzi. Jicho lilikuwa jekundu. "Wewe ulipoulizwa, ulisemaje?"

Alirudisha kioo, akakikaza, akashuka akiwa ameinamisha kichwa ili asijigonge. Meneja alikuwa anakuja na fomu. Niliwasikia nje, mmoja anasoma, mwingine anajibu, machela ipo, bandeji zipo, na mimi nikaanza na sakafu kama kawaida yangu.

Siku hizi bado nasali. Nafika kando ya kitanda, napiga magoti, nakaa. Wifi upande wa pili wa ukuta hasemi kitu, lakini najua hajalala, anangoja nianze. Na asubuhi, kabla ya kufuta kioo, nafungua koki kidogo, naweka sikio, na kusikiliza.